Kupima Mawimbi kwa Miguu Mjini Eldoret

Tangu shule ifunguliwe nimeulizwa swali moja mara nyingi hata nimechoka kulijibu kwenye foleni ya chakula. Swali lenyewe ni hili: "Ati likizo ya Agosti ulionekana ukizunguka Langas na kijisanduku chenye antena. Ulikuwa unatafuta nini kule?" Wengine walisema nimeajiriwa na kampuni ya simu. Wengine, Mungu awasamehe, walisema nimeanza kuuza laini. Mhariri ameniomba niandike jibu mara moja, liishe. Nitajaribu, na pale nitakapozama katika fizikia, ndugu zangu wa kidato cha kwanza wanivumilie. Hayo mtayakuta tu mbele.

Katika likizo hiyo ya mwaka 2025 nilikuwa mmoja wa vijana waliojitolea kuchora ramani ya mtandao wa redio. Si redio ya kusikiliza taarifa ya habari na salamu za mchana, la. Ni redio ndogo za kupelekeana ujumbe wa maandishi, bila mnara wa simu, bila laini, bila intaneti na bila stima ya nyumbani. Kazi ya ramani ilikuwa kujibu swali moja ambalo ukilisikia unalidharau: ukisimama hapa, je, ujumbe wako utafika?

Kwanza nieleze mtandao wenyewe. Simu ya mkononi, pamoja na majivuno yake yote, haizungumzi na simu ya jirani moja kwa moja. Hata ukimpigia mtu mliyeketi naye benchi moja, sauti yako huenda kwanza hadi kwenye mnara, ikapita kwenye mitambo ya kampuni, ndipo irudi kwa huyo aliye kando yako. Mnara ukizima, nyinyi wawili mnabaki kutazamana. Mtandao wetu umejengwa kwa namna nyingine, namna ya wavu. Mwangalie mvuvi wa kule Ziwa Victoria akiutandaza wavu wake. Hakuna uzi mmoja mkubwa ulioshika nyuzi zingine zote. Kuna vifundo vingi vidogo, na kila kifundo kimeshikana na vile vilivyo jirani. Uzi mmoja ukikatika, wavu bado ni wavu.

Redio zetu ndizo vifundo. Kila moja ina kazi mbili: kusema ya kwake na kupokeza ya wenzake. Nikiwa Langas nikitaka kumfikia mtu aliye upande wa pili wa mji, redio yangu haihitaji kumfikia yeye. Yatosha imfikie jirani, jirani naye aipokeze, mpaka ifike. Ni kama ule mtindo wa zamani wa kuitana kutoka kilima hadi kilima. Huyu anapaza sauti, yule wa kilima cha pili anarudia, na habari ya ng'ombe waliopotea inafika kwa mwenyewe kabla ya jua kuchwa.

Kijisanduku chenyewe hakizidi kipande cha sabuni. Ndani mna betri, kama ile inayotolewa kwenye tarakilishi za mapajani zilizokufa, pamoja na kipande cha mtambo cha kutumia teknolojia iitwayo LoRa. LoRa ilibuniwa Ufaransa, katika mji wa Grenoble, na kampuni ndogo iliyoitwa Cycleo, ambayo mwaka 2012 ilinunuliwa na Semtech ya Marekani. Programu inayoziendesha redio zetu huitwa Meshtastic. Ilianza mwaka 2020, na hailipiwi. Yeyote anaweza kuichukua, kuisoma ilivyoandikwa na kuibadilisha. Redio huunganishwa na simu kwa bluetooth, ukaandika ujumbe kwenye simu kama kawaida. Simu haihitaji kuwa na laini. Binamu yangu alitumia simu iliyovunjika kioo na kutupwa kabatini, na ikafanya kazi barabara.

Msije mkadhani ni muujiza. Mtandao huu hauchukui sauti wala picha. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi zipatazo 200 hivi, basi. Mwendo wake ni kama kilobiti moja kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe mrefu huchukua karibu sekunde mbili kutoka hewani. Ungetaka kutuma kwa njia hii picha ya harusi ya megabaiti moja, ungesubiri zaidi ya saa mbili, na katika saa hizo hakuna mwingine angepata nafasi ya kusema. Yaani ni mtandao wa watu wenye maneno machache. (Baadhi ya wenzangu wa bweni letu hauwafai kabisa.)

Sasa, kwa nini watu wajisumbue? Mtu ana simu mfukoni, ya nini kijisanduku? Mimi pia nilianza na mashaka hayo. Lakini kumbukeni usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa. Minara ya simu ina betri na jenereta, lakini betri huisha na mafuta huisha, na kadiri giza linavyoendelea ndivyo netiwaki inavyokonda. Halafu tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Na ukitoka hapa mjini ukashuka magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa, mambo ni mazito zaidi. Maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi, Novemba 2019, yalikata barabara na madaraja. Yale ya Chesongoch kule Elgeyo Marakwet yakafuata Aprili 2020. Katika siku kama hizo, ujumbe wa herufi 200 usemao nani yuko hai, yuko wapi na anahitaji nini, una thamani kuliko picha elfu moja.

Hata hivyo, kilichonishika mimi hakikuwa janga kubwa. Kuna mama mmoja katika kikundi chetu ambaye ni mhudumu wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka 2023. Alituambia kwamba usiku ambao stima imekwenda na simu ya mwenye bodaboda haipatikani, yeye hutoka mwenyewe kwa miguu kwenda kugonga mlango, huku mama mjamzito akimngoja nyumbani. "Mimi sitaki intaneti," alisema. "Nataka maneno matatu tu yafike: njoo, mama, haraka."

Basi turudi kwenye mawimbi.

Redio zetu hutumia masafa ya karibu megahezi 868. Ukigawanya mwendo wa nuru kwa masafa hayo, unapata urefu wa wimbi moja kuwa sentimita 34 na nusu hivi. Ndiyo sababu antena iliyo rahisi kabisa, ile ya robo wimbi, ina urefu wa sentimita 8.6. Fundi wetu, mzee mmoja aliyetengeneza redio na runinga mjini kwa miaka mingi, alikata waya wa aina hiyo kwa koleo mbele yetu, akaupima kwa rula ya shule, ukafanya kazi. Onyo lake la kwanza lilikuwa: kamwe usiwashe redio isiyo na antena. Nguvu ikikosa pa kutokea hurudi ndani, na inaweza kuunguza kile kipande kinachotuma.

Mawimbi haya yanapenda kuonana. Yakitazamana, antena kwa antena bila kizuizi, yanaweza kwenda makumi ya kilomita kwa nguvu ndogo mno. Ila kuna siri hapo ambayo mimi sikuijua kabla ya kujiunga. Wimbi halisafiri kama uzi uliovutwa. Hutanuka katikati ya njia, kama mpira wa raga uliovutwa ukawa mrefu, kisha hukusanyika tena mwisho. Kwa kilomita 5 katika masafa yetu, unene wa huo mpira katikati ni kama mita 20 kutoka kwenye mstari hadi pembeni. Kwa hiyo unaweza kusimama juu ya paa, ukaliona paa la mwenzako kwa macho yako mawili, na bado ujumbe ukafika kwa taabu, kwa sababu mstari wa macho unapita juu tu ya vilele vya miti na nusu ya chini ya mpira inakwaruzana na majani.

Na mji wetu una miti! Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mgeni akiitazama Uasin Gishu husema ni tambarare tupu, redio haitapata shida. Mgeni huyo hajatembea. Ardhi hii ina mawimbi yake yenyewe. Unashuka kidogo kuelekea mto Sosiani, unapanda kidogo, unashuka tena, na kila mahali kuna safu za mikaratusi na miwati iliyopandwa mipakani mwa mashamba. Majani makavu hayana neno sana. Majani yaliyolowa mvua hunywa mawimbi kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mvua zetu nazo mnazijua, Agosti haikauki. Tulipima mstari mmoja asubuhi kukiwa na jua, tukaupima tena saa tisa baada ya mvua, na nambari zikawa za watu wawili wasiojuana.

Kizuizi kingine ni mabati. Mabati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Katika mitaa ya nyumba za mabati kama Langas, unaweza kusimama uani ukapata ujumbe bila shida, ukaingia ndani hatua tatu ukafunga mlango, kimya. Matatu nayo ni sanduku la chuma lenye madirisha. Mwenzetu mmoja aliyependekeza tupime mji mzima tukiwa tumeketi kwenye matatu alichekwa, lakini tulijaribu kumridhisha, na ikaonekana kwamba aliyeketi dirishani na aliyeketi katikati wana miji miwili tofauti.

Hata mwili wako unazuia. Sisi binadamu ni maji yaliyosimama. Ukiipa redio mgongo, umejiweka ukuta. Kwa hiyo tuliweka sheria: redio inashikwa mbele ya kifua, antena wima, unageuka pande nne, unaandika nambari iliyo mbaya zaidi. Ati kwa nini mbaya? Kwa sababu atakayeihitaji redio usiku hatakuwa na nafasi ya kugeukageuka.

Nambari zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni nguvu ya mawimbi yanayopokewa, na huandikwa kwa hasi. Hasi 90 ni nzuri, hasi 120 ni hafifu. Msidanganywe na udogo wa tofauti hiyo. Vipimo vya desibeli hupanda kwa kuzidisha: kila desibeli 10 ni mara kumi. Kutoka hasi 90 hadi hasi 120 nguvu imepungua mara elfu moja. Nambari ya pili hulinganisha mawimbi na kelele zilizopo hewani, na hapa ndipo LoRa inapostaajabisha. Redio ya kawaida hutaka mawimbi yawe na nguvu kuliko kelele. LoRa, kwa mpangilio tulioutumia, inaweza kuelewa ujumbe hata mawimbi yakiwa hafifu zaidi ya mara 50 kuliko kelele zenyewe. Ni kama mtu anayenong'ona stejini saa kumi na moja jioni, makondakta wote wanapiga kelele, na wewe ukamsikia kwa sababu ananong'ona kwa wimbo mmoja unaoujua, polepole, ukipanda kutoka chini hadi juu.

Ujumbe hupokezwa hivi. Redio ikisikia ujumbe mpya, hairukii kuurudia. Inangoja kidogo, ikisikiliza. Ikisikia mwenzake ameshaurudia, inanyamaza. Na programu imepangwa kwamba aliyeusikia ujumbe kwa uhafifu, ambaye huenda yuko mbali zaidi, ndiye angoje muda mfupi zaidi na kusema mbele ya wengine. Kwa njia hiyo ujumbe huruka mbali badala ya kuzungukazunguka pale pale. Ujumbe pia hubeba hesabu ya miruko. Kwa kawaida ni mitatu, ikiisha unakufa. Isingekuwa hivyo, salamu moja ya asubuhi ingezunguka mji hadi jioni. Mimi naona mpango huu ni wa adabu kuliko mikutano mingi niliyohudhuria.

Tulikuwa na redio sita. Mbili tuliziweka juu ya mapaa, kwa idhini ya wenyewe, zikiwa na paneli ndogo ya sola. Nne zilitembea. Tulichapisha ramani ya mji kutoka OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia iliyoanza mwaka 2004 na ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Juu yake tukapiga mistari kwa rula, tukapata miraba ya mita 200 kwa 200. Kila watu wawili walipewa miraba yao. Mmoja anashika redio, mmoja anashika daftari. Unafika katikati ya mraba, unatuma, unangoja jibu, unaandika saa, nambari zote mbili, hali ya anga, na unachokiona kati yako na paa: miti, gorofa, kilima. Kisha mwenzako wa paani naye anaandika alichopokea. Ni lazima pande zote mbili ziandike, kwa kuwa kusikia si kusikika. Mahali pengine sisi tuliisikia paa vizuri, lakini paa haikutusikia, pengine kwa kelele za vifaa vya umeme vilivyokuwa jirani yake.

Wazo la vijana kutembea na kuchora mtaa wao si letu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliuchora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera, wakati ambapo kwenye ramani nyingi Kibera ilikuwa nafasi tupu. Kibera hiyo hiyo ina mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET, ulioanzishwa na Taasisi ya Tunapanda, ambao huunganisha shule na vituo vya vijana kwa redio za Wi-Fi zilizofungwa juu ya mapaa. Huo una kasi na unabeba masomo, wetu ni mdogo wa mwisho ukilinganishwa nao. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii kama hiyo, kwa hiyo mtu anayetaka kuanzisha mtandao wa kugawa intaneti mtaani kwake ana mlango wa kubisha. Na hata kwa hizi redio za nguvu ndogo, msinunue tu na kuwasha. Ulizeni kwanza masharti ya masafa na nguvu inayoruhusiwa.

Jambo gumu kuliko miti yote lilikuwa watu, wala siwalaumu. Fikiria: vijana wawili wasiojulikana, mmoja na kijitabu, mwingine na kifaa chenye antena, wanasimama katikati ya mtaa, wanageuka pande nne, wanaandika. Langas ni mahali ambapo mambo ya umiliki wa ardhi yamewanyima watu usingizi kwa miaka mingi. Siku ya pili tu, bibi mmoja alitoka uani mwake akiwa bado ameshika mwiko.

"Chamge, kogo," nikamwamkia.

"Chamge. Mnapima shamba la nani?"

"Hatupimi shamba, kogo. Tunapima mawimbi ya redio."

"Mawimbi hayana karatasi. Wewe una karatasi. Mtu akija na karatasi hapa, mwaka unaofuata anakuja na tingatinga."

Nilimwonyesha daftari. Akamwita mjukuu wake amsomee, mstari kwa mstari, na mjukuu akasoma: hasi 104, miti miwili, mawingu. Bibi akauliza kama jina lake limeandikwa. Halikuandikwa. Akauliza kama nyumba yake imechorwa. Haikuchorwa. Ndipo akaturuhusu, lakini akatuambia tusisimame mbele ya lango la mtu, tusimame njiani.

Jioni tulilijadili neno lake kwa kirefu. Wazee waliokuwa kikaoni walituambia wazi kwamba katika mji huu kuandika nyumba ni jambo la kuogopesha. Eldoret inakumbuka Januari 2008. Tarehe 1 ya mwezi huo kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu waliokimbilia humo wakafa. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kufurahi akimwona kijana akitia alama karibu na lango lake, hata kama alama yenyewe ni ya desibeli. Tangu siku hiyo sheria ikawa: hakuna jina, hakuna nyumba, hakuna ploti, ni miraba tu. Na redio zenyewe, ambazo zina GPS na hupenda kutangaza mahali zilipo kwa kila aliye na kifaa kama hicho, tukazipangia zitaje eneo kwa jumla tu. Kuanzia wiki ya pili tulikwenda kwanza kwa mzee wa mtaa, tukatembea na mtu wa pale pale.

Sasa nije kwenye ugomvi, maana ulikuwepo.

Wiki ya tatu ilipokwisha, ramani yetu ilikuwa na rangi nne. Kijani: ujumbe unakwenda na kurudi. Manjano: unafika mara moja moja. Nyekundu: tumefika, tumetuma, kimya. Nyeupe: hatujafika. Nyeupe zilikuwa nyingi. Baadhi ya wenzetu waliona aibu kuionyesha kwa watu ambao huenda wangetununulia redio zaidi. Mmoja akaja na suluhisho. Kuna programu za tarakilishi zinazokisia mawimbi kwa kutumia miinuko ya ardhi. Unaiambia paa liko wapi, inakupaka rangi mji mzima kwa dakika tano. Alikuwa ameshafanya hivyo, na kwa kweli ilipendeza. Langas yote kijani, mpaka chini mtoni.

Nataka niwe wa haki kwa programu hizo. Zinasaidia sana kuchagua pa kuanzia, na sisi wenyewe tulizitumia hivyo. Ila mjue zinatoa wapi elimu yake. Nyingi hutegemea vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000. Tangu wakati huo mji umejengwa, magorofa yamesimama, miti iliyokuwapo imekatwa na mingine imeota. Programu haijui kwamba kuna ghala jipya la mabati kati yako na paa. Haijui kwamba imenyesha. Inajua kilima na bonde, basi.

Tulikuwa tumegawanyika nusu kwa nusu. Mimi nilikuwa upande wa kuacha nyeupe ibaki nyeupe, na nilisema sana, labda kupita kiasi cha umri wangu. Lakini aliyeumaliza mjadala ni yule mama mhudumu wa afya. Aliiweka kidole ramani ile ya kupendeza, kwenye mraba mmoja wa bondeni.

"Hapa mmeniambia kijani. Nani kati yenu amesimama hapa?"

Hakuna aliyejibu.

"Basi mimi usiku nikija hapa na redio yenu, nikatuma, nikangoja jibu dakika kumi kwa sababu ramani imeniahidi, hizo dakika kumi ni za nani?"

Kesho yake sita kati yetu tulishuka bondeni. Miraba tisa. Minne ilikuwa kijani kweli, miwili manjano, mitatu nyekundu kabisa, na mmoja wa hiyo mitatu ndio alioushika kidole. Tulirudi usiku tukapima tena, tukiwa na mzee wa mtaa na tochi, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Nyekundu ilibaki nyekundu.

Lakini nyekundu iliyopimwa ina faida ambayo kijani ya kukisia haina: inakuonyesha pa kurekebisha. Fundi aliitazama miraba mitatu, akatazama maandishi yetu kuhusu kilichoonekana kati yetu na paa, akaona kwamba yote mitatu imefichwa na safu moja ya mikaratusi na ukingo wa bonde. Hakusema tuongeze nguvu. Alisema tuhamishe redio moja kutoka paa refu la mjini tuipeleke kwenye nyumba fupi tu iliyoko ukingoni, inayoona pande zote mbili. Paa fupi, mita tano hivi! Tuliona ni kama mzaha. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti kwamba paneli ifungwe kwa waya mnene, maana paneli za sola hapa huota miguu. Tulipopima tena, miwili ikawa kijani. Wa tatu ukawa manjano, na manjano ndivyo ulivyoandikwa.

Mambo mengine niyapitie haraka. Betri ya kifundo cha paani ilidumu siku zote za mawingu, nasi tulikuwa tumeogopa bure. Antena za bei rahisi zinazokuja na redio ni za kubahatisha. Kati ya nne tulizojaribu, moja ilikuwa haifai hata kukorogea chai. Kuongeza redio nyingi za kupokeza mahali pamoja hakuboreshi mtandao, kunaujaza kelele. Na kama mnataka kujua, ndiyo, tulijaribu kupanga kifundo cha Iten. Iten iko juu zaidi yetu, kama mita 2,400, inaona mbali sana. Tatizo ni kwamba ukingo wa Elgeyo unaanguka ghafla zaidi ya mita elfu moja kuingia Bonde la Kerio, na redio iliyo katikati ya mji wa Iten inaweza kuiona Uasin Gishu au kuliona bonde, mara chache vyote viwili. Wenye kuhitaji zaidi wako chini ya ukingo. Hilo ni la watu wazima wenye gari na ruhusa, sisi tuliliacha katika daftari.

Kwa wale wanaouliza kuhusu shule: hapana, redio haiko bwenini. Simu haziruhusiwi shuleni, kila mmoja anajua, na kijisanduku nilikiacha kwa binamu yangu. Mwalimu wetu wa fizikia ameomba kikundi kije kueleza somo la mawimbi kwa kidato cha nne, na mwalimu mkuu bado anaifikiria barua hiyo.

Ramani imebandikwa ukutani katika chumba cha mikutano tunachoazimwa. Langas imejaa isipokuwa miraba kumi na mmoja. Huruma imefika nusu. Kapsoya, Munyaka na Kimumu ni nyeupe pe! Likizo ya Novemba tutaanzia Kapsoya, kwa sababu huko tumeshapata paa. Tunahitaji watu wanne wenye viatu visivyoogopa matope na hati inayosomeka, hasa hati inayosomeka. Mwenye nia aniletee jina lake kabla ya mitihani, pamoja na barua ya mzazi.